Nzi aliyesubiriwa: kisa cha kambi ya Kirugu

Juu ya Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kuna kilima ambacho vitabu vya watalii hukiita Kilima cha Robert Koch. Kileleni limebaki jumba la enzi za Wajerumani, limechakaa, na ukisimama pale jioni unaiona ghuba yote na kivuko cha Kamanga kikirudi polepole. Nafundisha sayansi ya maabara kwenye chuo kimoja mjini hapa. Haupiti mwaka bila mwanafunzi kuuliza, "Mwalimu, huyu Koch aligundua nini hapa kwetu?"

Hapa kwetu hakugundua kitu. Alifika Mwanza katikati ya mwaka 1906 akitafuta wagonjwa wa malale, akakuta wachache mno, na baada ya muda mfupi akafungasha hadubini zake akavuka kwenda visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Ugunduzi mkubwa kuhusu malale uliofanyika kwenye pwani yetu, pwani iliyo Tanzania leo, ulikuja miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 1908, kwenye kambi iliyoitwa Kirugu upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Aliyeufanya ni mwanafunzi wa Koch, daktari wa jeshi Friedrich Karl Kleine. Kleine hana kilima.

Kisa chenyewe nakipenda kwa sababu hakina shujaa aliyeruka kitandani usiku akipiga kelele kuwa amepata. Kina nzi, wanyama wa majaribio, na mtu mmoja aliyekataa kufunga daftari wakati wenzake wote walikuwa wameshafunga.

Waliofika kuutafuta ugonjwa

Mwaka 1901 ndugu wawili, Albert na Jack Cook, madaktari wamisionari wa hospitali ya Mengo kule Buganda, walianza kupokea wagonjwa wanaosinzia mchana, wanaoyumba wakitembea, wanaokonda hadi wanakufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Wanaokadiria husema watu wapatao 250,000 walikufa pande za Busoga na Buganda kati ya 1900 na 1920. Vijiji vya pwani na visiwani vilibaki mahame.

Royal Society ya London, chama cha wanasayansi wa Uingereza, ikatuma tume mwaka 1902. Katika tume hiyo alikuwamo Mwitaliano kijana, Aldo Castellani, aliyeamini kwamba malale yanaletwa na bakteria, aina ya streptokoka. Novemba mwaka huo, akichunguza maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja kule Entebbe, aliona kijidudu kinajinyonganyonga kati ya chembe. Kilikuwa tripanosoma, kimelea kinacholeta malale. Castellani alikiona, akakiandika, lakini moyo wake ukabaki kwenye streptokoka. Kila anayefundisha hadubini anakijua kitu hiki. Mwanafunzi anapita juu ya kimelea mchana kweupe, ukimuuliza anakwambia, "Nilidhani ni uchafu wa rangi, mwalimu."

Machi 1903 akafika David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Bruce alikuwa na kitu ambacho Castellani hakuwa nacho: alikuwa ameshakutana na kijidudu cha aina hiyo. Mwaka 1895 huko Zululand alikikuta ndani ya damu ya ng'ombe wanaokufa kwa nagana, akaonyesha kwamba anayekieneza ni mbung'o. Huko Zululand kulikuwa na ubishi wa zamani. Wazungu wengi walimlaumu nzi, wenyeji waliwalaumu wanyama wa porini, na Bruce alionyesha kwamba wote walikuwa wameshika upande mmoja wa jambo lilelile: vimelea viko ndani ya wanyama pori, nzi anavichukua kutoka kwao. Basi Castellani alipomsimulia alichokiona, Bruce aliuelewa uzito wake papo hapo. Baadaye wawili hao na watetezi wao walirushiana maneno hadharani, hata kwenye gazeti la The Times mwaka 1908, kila upande ukidai ugunduzi ni wake. Sitauamua ugomvi huo. Macho yalikuwa ya mmoja, na maana ya kilichoonekana ilitoka kwa mwingine.

Kazi ya Bruce ninayoipenda zaidi ni ile ya ramani. Alimwomba Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, awaagize machifu wakusanye nzi kila mahali na kuripoti kama kuna wagonjwa wa malale. Nzi wakaletwa kutoka pande zote za nchi. Bruce akachora ramani ya mbung'o na ramani ya wagonjwa, na zilipowekwa pamoja zilifuatana kando ya ziwa. Bila utawala wa Buganda, wenye machifu na wajumbe, ramani ile isingekuwepo. Kagwa anatajwa kwa sababu alikuwa Katikiro. Vijana waliowakimbiza nzi kwa nyavu vichakani, tena mahali ambapo kuumwa na nzi kulikuwa kifo, hawatajwi.

Saa 48

Hapa ndipo kisa kinapoanza hasa.

Bruce na wenzake walichukua mbung'o, wakawaacha wamuume mgonjwa, kisha wakawaweka juu ya nyani mzima. Nzi wakihamishwa upesi, nyani aliugua. Wakicheleweshwa kupita saa 48, nyani hakupata kitu. Bruce akahitimisha kwamba mbung'o ni kama sindano chafu: anabeba vimelea mdomoni, na damu ikishakauka pale yeye hana hatari tena. Hakuna kinachokua ndani yake. Ni mchukuzi tu.

Maelezo hayo yalikuwa mazuri. Yalieleweka kwa kila mtu, yaliungwa mkono na majaribio, na yalitoka kwa mtu mwenye jina. Bruce ndiye aliyekitenga kijidudu cha homa ya Malta mwaka 1887, kile ambacho baadaye kilifanya jamaa nzima ya bakteria iitwe Brusela kwa heshima yake. Ndiye wa Zululand, na ndiye wa ramani ya Entebbe. Mtu wa namna hiyo akisema saa 48, nani atapanda meli kwenda Entebbe kumwambia asubiri zaidi?

Tena jambo lenyewe halikuwa la wanasayansi peke yao. Tangu 1906 Gavana Hesketh Bell wa Uganda alianza kuwahamisha watu kutoka kwenye fukwe zenye mbung'o, na kufikia 1909 visiwa vya Sese vilikuwa vinahamwa. Ukiifuata hesabu ya saa 48, mpango huo ulionekana mwepesi: ondoa watu wenye vimelea, na nzi waliobaki watakuwa safi baada ya siku mbili. Nadharia ya maabara ikageuka kuwa nyumba zilizoachwa na mashamba ya migomba yaliyorudi msitu.

Nataka kuwa mwaminifu hapa. Si kwamba Bruce alifanya kazi ovyo. Mbung'o anaweza kweli kueneza vimelea kwa mdomo mchafu, kwa muda mfupi, hasa akikatizwa katikati ya mlo na kuhamia kwa mnyama mwingine. Alichokiona kilikuwepo. Kosa lilikuwa kuchukua mlango wa kwanza uliofunguka na kuamua kuwa nyumba haina mlango mwingine.

Mamba anaingia

Kulikuwa na waliodhani vingine. Mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa ameonyesha kwamba kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu, na tangu hapo kila aliyechunguza mdudu anayenyonya damu alikuwa na mfano huo kichwani. Koch mwenyewe alipopita Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 aliona ndani ya mbung'o maumbo ya tripanosoma aliyoyatafsiri kuwa hatua za ukuaji. Kule Entebbe, mwaka huohuo, maofisa wawili vijana, Gray na Tulloch, walipasua mbung'o wakakuta matumbo yamejaa tripanosoma wanaozaliana. Kwa macho ya kawaida kesi ilikuwa imekwisha: vimelea vinakua ndani ya nzi.

Kumbe sivyo. Frederick Novy, mwanabakteria wa Marekani, alipinga. Alisema vijidudu vile si vya malale, ni aina nyingine, na vikapewa jina Trypanosoma grayi. Alikuwa na haki. Miaka mingi baadaye, karibu na 1930, Cecil Hoare akifanya kazi Uganda alionyesha vinatoka wapi hasa: ni vimelea vya mamba. Mbung'o wa ufukweni humuuma mamba anayeota jua, anavichukua, vinakua tumboni mwake, na mtu anayempasua akitafuta malale anaona shamba lote limejaa magugu yanayofanana na mpunga. Tulloch hakuyasikia hayo. Aliambukizwa malale maabarani akafa mwaka 1906.

Kipande hiki ndicho kinachonisisimua kuliko vyote, nacho hurukwa kwenye simulizi nyingi. Waliosema "vinakua ndani ya nzi" walikuwa na jibu sahihi lenye ushahidi mbovu. Waliowapinga waliubomoa ushahidi mbovu kihalali kabisa, na kwa kuubomoa wakalipa nguvu jibu lisilo sahihi. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea. Saa 48 za Bruce zilitoka kwenye mabishano hayo zikiwa imara zaidi, kwa sababu wapinzani wake walikamatwa na mamba.

Koch naye aliwaona mamba kwa jicho la vita. Kwa kuwa mbung'o wananyonya damu ya mamba, alipendekeza mamba waangamizwe ili nzi wafe njaa. Wavuvi wa huku wangemshangilia, lakini si kwa sababu za kisayansi.

Niseme neno juu ya Sese kabla ya kwenda mbele, ingawa si kiini cha kisa. Koch alikaa huko hadi mwaka 1907, Kleine akiwa mmoja wa wasaidizi wake, akiwadunga mamia ya wagonjwa dawa ya arseniki iitwayo atoksili. Mwanzoni walipata nafuu ya kushangaza. Kisha vimelea vikarudi, dozi ikaongezwa, na wagonjwa 22 wakapofuka moja kwa moja. Tukihesabu waliochangia elimu ya malale, watu hao hawana budi kuwemo, maana hawakuulizwa.

Kirugu

Kleine alirudi ziwani mwaka 1908, safari hii akiongoza mwenyewe kazi ya malale upande wa Wajerumani. Kirugu hapakuwa na kitu cha kuwatambia Waingereza wa Entebbe. Ilikuwa kambi.

Alichagua kimelea cha wanyama, Trypanosoma brucei, kile kilichopewa jina la Bruce mwenyewe, na mbung'o wa ufukweni, Glossina palpalis. Akawaacha nzi wanyonye damu ya wanyama wenye vimelea. Kisha akafanya kazi ambayo ukiisimulia haina mvuto wowote: akawa anawalisha nzi walewale kwa wanyama wazima, siku baada ya siku, na kuwafuatilia wanyama hao mmoja mmoja. Siku za mwanzo zilipita. Saa 48 zikapita. Wiki ikapita, wanyama wazima wakabaki wazima. Wiki ya pili vilevile. Kwa kanuni ya Entebbe, hao walikuwa nzi safi, na kuendelea kuwalisha ilikuwa kupoteza wanyama.

Kwenye siku ya 18 au ya 20 hivi, wanyama wakaanza kuugua. Na waliendelea kuugua. Nzi walioonekana safi kwa zaidi ya wiki mbili walikuwa wamegeuka wenye hatari, na hatari hiyo haikupungua tena.

Leo tunajua kilichokuwa kinaendelea ndani. Vimelea vikimezwa na damu hushuka tumboni, vinabadilika umbo na kuzaliana, kisha vinapanda taratibu hadi kwenye tezi za mate, na huko vinageuka tena kuwa vya aina inayoambukiza. Safari hiyo huchukua karibu wiki tatu. Njiani nzi hana madhara, akishafika mwisho wa safari anaambukiza hadi kufa kwake. Tena ni mbung'o wachache tu ambao safari hiyo hukamilika ndani yao. Hata maabarani mara nyingi hawafiki mmoja kati ya kumi. Ukitumia nzi wachache, kwa siku chache, utapata hasi, hasi, hasi, na utakuwa na kila sababu ya kuamini hasi yako.

Hapo ndipo ninapokumbuka kwamba Kleine alikuwa mwanafunzi wa Koch. Mwaka 1882 Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na moja ya sababu zilizomfanya aweze kukiotesha ni kwamba hakuitupa mirija yake wiki ya kwanza. Bakteria wengine aliowazoea humea siku moja au mbili. Hawa walianza kuonekana wiki ya pili. Hadi leo kwenye maabara za kifua kikuu, mrija wa Löwenstein-Jensen, wenye chakula cha kuoteshea vijidudu hivyo, hautangazwi kuwa hasi mpaka utimize wiki 8, na kila fundi mpya hulalamika kwamba kabati limejaa mirija isiyo na kitu. Sina barua ya Koch inayomwambia Kleine asubiri, wala siihitaji. Kwenye maabara ile subira ilikuwa desturi, kama vile kwenye maabara ya Bruce ramani na mwendo wa haraka wa kijeshi vilikuwa desturi. Ludwik Fleck, mwanamikrobiolojia wa Kipoland aliyeandika juu ya mambo haya mwaka 1935, alisema kwamba mtu haoni peke yake, huona na kundi lake. Mimi ningeongeza kwamba hata kungoja, mtu hungoja na kundi lake.

Neno la Bruce

Mapema mwaka 1909 Kleine alichapisha matokeo yake kwenye jarida la tiba la Ujerumani, makala ya kurasa mbili. Kurasa mbili, kwa Kijerumani, kutoka kambi ya ufukweni, zikipinga kanuni ya miaka sita ya mtu mwenye nishani. Kwa mazoea ya dunia ingetarajiwa zipuuzwe.

Hazikupuuzwa, kwa sababu Bruce alikuwa amerudi Uganda. Tangu mwishoni mwa 1908 alikuwa Mpumu na tume mpya. Alipoyapata matokeo ya Kleine akayarudia, safari hii kwa kimelea cha malale chenyewe, Trypanosoma gambiense. Akasubiri. Nzi wakaambukiza baada ya wiki kadhaa. Mwaka huohuo wa 1909 akachapisha kwamba Kleine alikuwa sahihi.

Sijui wangapi wangefanya hivyo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa ambao matokeo yao ya mwaka juzi huwezi kuyagusa bila kutafutiwa uhamisho. Lakini sitaki sifa za Bruce zitufunike jambo lenyewe. Jina lake ndilo lililoziweka saa 48 kwenye vitabu kwa miaka sita, na jina lilelile ndilo lililozifuta ndani ya miezi. Kleine alikuwa na ukweli tangu siku wanyama wake walipoanza kuugua, ila ukweli huo ulianza kuitwa ukweli ulipogongwa muhuri Mpumu. Wanafunzi wangu hupenda kusema sayansi haijali nani amesema. Nawaambia waende wakasome tarehe.

Maelezo ya ndani, umbo kwa umbo, kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate, yalikamilishwa baadaye na mwanamke, Muriel Robertson, aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1911 na kuchapisha mwaka 1913. Na katika maabara ya Bruce mwenyewe kulikuwa na Mary Bruce, mkewe, aliyepaka rangi slaidi, akachora vimelea na kukaa hadubinini miaka yote kuanzia Malta na Zululand. David Bruce alifariki 27 Novemba 1931, saa za mazishi ya mkewe. Inasemwa kwamba aliomba wanaoandika habari zake waandike na za Mary. Wachache waliandika.

Ugunduzi wa Kirugu uliivuruga hesabu ya kuwahamisha watu. Kama nzi mmoja akishaiva anabaki na hatari maisha yake yote, basi ufuko usio na watu hauwi salama baada ya siku mbili, wala baada ya mwezi. Na tume ya Bruce ilipoonyesha kwamba swala wa pwani nao wanaweza kubeba vimelea, matumaini ya wakimbizi wa Sese kurudi upesi yakasogezwa mbele zaidi. Kwa mtu aliyehamishwa, habari njema ya sayansi ilikuwa habari mbaya ya nyumbani. Hilo halimo kwenye makala za kurasa mbili.

Mwaka juzi nilipita Shirati kwa msiba wa jirani yangu, nikapata mchana mmoja wa kukaa chini ya mwembe na mzee wa nyumba ile. Baada ya shikamoo na habari za njiani nikamuuliza kama ndorobo, yaani mbung'o, bado wapo pwani hii.

"Ndorobo?" Akacheka. "Hao siku hizi wako Serengeti, mwanangu, na watalii. Hapa tulikuwa tunaambiwa na wazee, ng'ombe asipitishwe kichaka kile saa za jua kali. Sababu hawakutwambia. Tulikuwa tunapita mbali tu."

Nikamtajia Kirugu na Mjerumani aliyefuga nzi. Akanitazama kama mtu aliyechoka na safari. "Alikuwa anawafuga ili iweje?"

Jedwali la mbuzi

Sasa kisa hiki nakifundisha hivi. Kabla ya kutaja jina lolote nawagawa wanafunzi makundi ya watu watano. Kila kundi linapewa kikaratasi: una mbung'o 50 walionyonya damu yenye vimelea, una shilingi 1,200,000, mbuzi mmoja ni 100,000, mbuzi anatumika kwa siku mbili kisha anatengwa na kuangaliwa. Kuna jedwali lenye safu 30, siku ya 1 hadi ya 30. Kazi yao ni moja: andika utasimamisha jaribio siku gani, na kwa nini. Nawapa na sentensi moja: "Mtaalamu anayeheshimika amethibitisha kwamba nzi haambukizi baada ya saa 48."

Mara ya mwisho nilikuwa na makundi 8. Matano yalisimama kabla ya siku ya 8. Mawili yalifika siku ya 10. Moja likafika siku ya 14, na nilipowauliza kwa nini 14 walisema ni namba nzuri, wiki mbili. Sababu zilizoandikwa nimezihifadhi. "Matokeo yamekuwa hasi mfululizo." "Mbuzi wanaisha." "Imeshathibitishwa." Kundi moja liliandika, "Msimamizi hatakubali." Sikuwa nimeandika popote kwamba kuna msimamizi. Walimweka wao wenyewe.

Kisha nawafunulia siku ya 18. Darasa hupiga kelele, wengine hulalamika kwamba niliwatega. Kweli niliwatega. Najaribu kuwaonyesha kwamba pesa waliyokuwa nayo iliwatosha kufika siku ya 24, kwa hiyo waliosema mbuzi wanaisha hawakuishiwa na mbuzi, waliishiwa na kitu kingine. Tunabishana. Kuna aliyesema Kleine alibahatisha tu, na sikumkatalia moja kwa moja. Angalichukua mbung'o wachache zaidi huenda naye angepata hasi hadi mwisho, na leo tungekuwa tunamtaja kama mtu aliyethibitisha saa 48 kwa uangalifu mkubwa.

Darasa lilipoisha msichana mmoja, yule ambaye kundi lake liliandika msimamizi hatakubali, alibaki nyuma na jedwali lake mkononi. Alikuwa ameifuta siku ya 7 na kuandika 30.

"Mwalimu, nimebadilisha."

Nikamwambia vizuri, lakini mbuzi wake wataisha siku ya 24.

"Najua. Ndiyo nauliza." Akakunja karatasi. "Kuanzia siku ya tatu mpaka ya 17, kila mbuzi mzima. Huyo Kleine alikuwa anaripoti nini kwa waliokuwa wanamlipa?"